Mungu wa Kike Mpaka Darasa la Tano

Nimechoka kuambiwa kwamba jamii inayomwabudu mwanamke haiwezi kumdharau. Nimeambiwa darasani, nimeambiwa kwenye treni, na mara ya mwisho nimeambiwa huku nimeshika sahani ya halua.

Ninasoma shahada ya uzamili Haryana, kaskazini mwa India. Huku, baridi inapokwisha na ngano inapokaribia kuvunwa, Wahindu huadhimisha Navratri ya mwezi wa Chaitra: siku tisa za mungu wa kike Durga na sura zake tisa. Siku ya nane au ya tisa, watoto wa kike wa kama miaka miwili hadi kumi huketishwa sebuleni. Huoshwa miguu, hupakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, hufungwa uzi mwekundu mkononi, kisha hulishwa puri, dengu na halua, na kupewa pesa. Mzee wa miaka sabini huinama akagusa miguu ya mtoto wa chekechea. Ni jambo zuri, silikejeli.

Ila wanatakiwa watoto tisa, na mtaani kwetu asubuhi hiyo hugombaniwa. Wakitoka nyumba hii wanadakwa na ile, wameshiba mpaka puri wanazitia mifukoni. Mwenye nyumba wangu aliwapata watano. Watu wanacheka, kana kwamba upungufu huo umeletwa na ukame. Sensa ya 2011 ilikuta Haryana watoto wa kike 834 kwa kila wa kiume 1,000, umri wa miaka sita kushuka chini. Sheria inayokataza kupima mimba ili kujua jinsia ipo tangu 1994.

Na huyo aliyebahatika kuzaliwa? Akishavunja ungo haketishwi tena. Katika nyumba nyingi, akiwa hedhini hatakiwi hata kusogelea sanamu ya Durga. Binti wa mwenye nyumba wangu ana miaka kumi na minne. Safari hii alikuwa jikoni anakaanga puri. Basi kinachoinamiwa si mwanamke, ni mtoto ambaye bado hajawa mwanamke.

Wenzangu darasani huniuliza, kwenu je? Swali halali. Kwetu Tanzania, Machi 8 tunawashonea akina mama sare za kitenge na kuwaita nguzo ya familia, kisha shamba la marehemu linaandikwa jina la kaka. Ndiyo maana ugonjwa huu naujua hata ukivaa nguo nyingine.

Tangu 2005 sheria ya urithi ya Wahindu inampa binti fungu sawa na kaka yake katika mali ya ukoo. Rafiki yangu mmoja wa hapa anasema akilidai lake, kaka zake hawatamfungulia mlango tena. Sisemi sikukuu ifutwe. Nasema kila nyumba inayogombania miguu ya kuosha iulizwe kwanza, kabla halua haijapakuliwa, jina la binti yao limeandikwa kwenye hati gani.