Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Aulizwe Maumivu Yake

Kwa miaka sita sasa ninaishi na maumivu ya mgongo. Si yale ya kuinama shambani ambayo hutulizwa na usingizi wa usiku mmoja. Haya huanzia kiunoni, yakateremka pajani kama uzi wa moto, yakaishia kisiginoni ambako huacha ganzi. Nimewahi kufundisha saa tatu mfululizo nikiwa nimesimama kwa sababu kuketi kumenishinda, na nimesahihisha karatasi za mtihani nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili msomaji ajue kwamba nizungumziapo kadhia ya wagonjwa na wahudumu wao, sizungumzi kwa kusikia tu.

Majuzi nilikwenda katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mbele yangu katika foleni alikuwapo mama mmoja wa makamo, mkulima kwa jinsi mikono yake ilivyosema. Mlango wa chumba cha tabibu ulikuwa wazi (milango hiyo aghalabu huwa wazi, na siri ya mgonjwa huwa ni ya foleni nzima), nami nikamsikia akijieleza. “Daktari,” alisema, “mgongo wanivuta, halafu wanichoma kama pilipili hadi kwenye unyayo. Usiku mguu hupigwa na kitu kama umeme, na asubuhi ni kama si wangu.” Tabibu hakuinua uso. Aliandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya maumivu ya mgongo, akamwandikia vidonge vile vile ambavyo huuzwa dukani kando ya sabuni na viberiti, kisha akaita: “Anayefuata!”

Aliyefuata nilikuwa mimi. Aliitazama picha ya uti wangu wa mgongo kwa muda usiotosha hata kusoma jina langu. “Hapa hapana jambo kubwa,” akasema. “Nyinyi walimu mna mawazo mengi.” Nilipomweleza kwamba kuna dawa iliyowahi kunisaidia na kwamba imekwisha, aliniuliza kama nilikuja nikiendesha gari. Nikakiri kwamba ndivyo. “Basi huumwi sana,” akakata shauri. Baada ya mabishano mafupi aliniandikia dawa hiyo, amitriptilini, na nikaenda dirishani kuichukua. Mhudumu wa pale aliisoma karatasi kwa sauti ya mnadi: “Hii ni dawa ya wenye matatizo ya akili. Nani anaumwa mgongo akapewa hii?” Watu wapatao thelathini waligeuka kunitazama, wakiwamo wanafunzi wangu wawili.

Sasa nirudi kwa yule mama, kwa maana yake ni makubwa kuliko yangu. Mimi nina Kiingereza cha kubishana na tabibu, na nina mshahara wa kunipeleka kwingine nikikataliwa. Yeye alikuwa na Kiswahili tu, na Kiswahili chake kilikuwa fasaha kupita maelezo ya wanafunzi wangu wengi. Katika sentensi zake mbili alitaja kuvuta, kuchoma, kupigwa na umeme, na ganzi, tena akaonyesha njia ambayo maumivu hupitia. Haya si mapambo ya lugha. Maumivu yatokanayo na neva iliyobanwa au kuumia hujitambulisha kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walichapisha dodoso la vipengele kumi la kuyatambua maumivu ya neva, na saba kati ya vipengele hivyo ni maneno ya mgonjwa mwenyewe: kuungua, baridi yenye kuumiza, kupigwa kama na umeme, kutambaliwa, kuchomwachomwa, ganzi na mwasho. Vilivyobaki vitatu ndivyo vinavyohitaji mkono wa tabibu. Na maumivu ya neva, aghalabu, hayasikii vidonge vya kawaida vya dukani. Huhitaji dawa za aina nyingine, ikiwamo hiyo amitriptilini iliyotangazwa dirishani, ambayo kwa asili ni dawa ya sonona lakini kwa kipimo kidogo hutuliza neva. Mama yule alikwisha kujipima mwenyewe kwa ulimi wake. Hakuwapo wa kuandika majibu.

Nimeisomea isimu, na ninakiri kwamba hata sisi wanaisimu tumelipuuza jambo hili. Mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha mwaka 1975 orodha ya maneno 78 ya Kiingereza yanayoeleza maumivu, akayagawa katika makundi 20, na orodha hiyo imekuwa chombo cha kazi katika zahanati za mataifa mengi. Je, Kiswahili kimepungukiwa? Kichwa huwanga na hugonga. Jipu hupwita. Tumbo husokota, hunyonga na hukata. Kidonda kikiingia chumvi huchonyota. Mbavu huingiwa na kichomi. Na tazama jinsi sarufi yetu inavyompanga mgonjwa: mguu unaniuma, kichwa chaniwanga. Kiungo ndicho mtenda na mimi ndimi mtendwa. Mzungumzaji wa Kiingereza husema kwamba ana maumivu, kana kwamba ni mali aliyo nayo mfukoni, Mswahili huumwa. Sidai kwamba sarufi hutibu. Nadai kwamba mtu aliyelelewa katika lugha hii anazo zana kamili za kujieleza, na kwamba zana hizo huanguka chini pale anapotakiwa ataje tarakimu moja kati ya sufuri na kumi.

Lipo pia neno kuuguza. Ni kauli ya kutendesha ya kuugua. Kwa kawaida kauli hiyo huonyesha anayesababisha tendo: kucheka na kuchekesha, kulia na kuliza. Lakini kuuguza hakuna maana ya kumtia mtu ugonjwa. Ni kumtunza auguapo, kuwa naye katika kuugua kwake. Ndiko alikotoka muuguzi. (Siku ile pale dirishani nilikaribia kuamini kwamba wazee wetu walikusudia maana ile ya kwanza.)

Sharti pia niwatendee haki wahudumu. Mwaka 2017 mgomo wa madaktari ulikamilisha siku mia moja, na mwaka huo huo wauguzi nao wakagoma kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na miongoni mwa madai yao ulikuwamo ujira wa madaktari wanagenzi. Mtu anayewaona wagonjwa wengi kuliko saa alizo nazo, tena akidai malimbikizo ya mshahara, hawezi kuwa na uso wa bashasha kila saa. Mimi nami ni mwajiriwa wa umma, nayajua hayo. Hata hivyo, uchovu unaeleza kwa nini tabibu hakuinua uso. Haueleze kwa nini alimwambia mtu mzima kwamba haumwi. Kutomsadiki mgonjwa hakuokoi dakika hata moja. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu, ilipoifanyia marekebisho fasili yake mwaka 2020, iliongeza waziwazi kwamba kauli ya mtu kuhusu maumivu yake yapasa iheshimiwe. Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu, panapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Na Kiswahili, kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Hospitalini kimebaki lugha ya kuitia majina.

Hapa ndipo kalamu inaponielemea, kwa maana nami nimewahi kuketi upande ule wa meza. Mwaka 2019, katika baridi ya Julai, alinijia mwanafunzi mwenye selimundu akaomba siku tatu zaidi za kukamilisha insha. Alisema mifupa ilikuwa ikimtwanga usiku kucha. Nilimjibu kwamba jana yake nilimwona akicheka na wenzake karibu na maktaba. Nikamtaka alete barua ya daktari. Hakuleta, alikata alama, akalirudia somo mwaka uliofuata. Baadaye nilisoma, nilivyopaswa kusoma kabla, kwamba maumivu ya selimundu huweza kumvamia mtu kwa saa chache na kwamba baridi ni miongoni mwa vichocheo vyake. “Ulikuwa ukicheka” na “ulikuja ukiendesha gari” ni sentensi moja. Nimemwandikia barua ya kumwomba radhi. Hajajibu, na hana deni la kunijibu.

Walimu wenzangu, tunao wanafunzi kama huyo katika kila darasa, nanyi wanafunzi mnawajua kuliko tunavyowajua sisi. Wapo wasichana wanaoshikwa na tumbo la mwezi hadi kuzimia, nasi tukawaambia wajikaze. Baadhi ya mtakaosoma haya mtakuwa wauguzi, matabibu na wafamasia, na katika vyuo vya utabibu mtafundishwa majina ya Kilatini ya kila mfupa. Vyuo hivyo sioni kwa nini visitoe angalau muhula mmoja wa mazungumzo ya tabibu na mgonjwa kwa Kiswahili, yakitahiniwa kwa uzito ule ule wa anatomia. Idara za Kiswahili zina wahadhiri wa kutosha wa kusaidia, nami najitolea kuwa wa kwanza, mradi niruhusiwe kufundisha nikiwa nimesimama.

Kwa sasa darasa langu la mwaka wa pili limeanza kukusanya maneno ya maumivu, ya Kiswahili na ya lugha za nyumbani kwao, kutoka kwa nyanya zao na majirani. Tunayaandika katika daftari la kurasa tisini na sita, na bado hatujafika katikati. Miadi yangu ijayo ni mwezi ujao. Nitakwenda nalo.