Kulipa Faini si Kutoka katika Dhamana

Imezoeleka kwamba dereva aliyegonga, akiandikiwa faini na askari wa usalama barabarani na akailipa, hujiona ameshatoka katika deni. Na asiyeandikiwa huondoka akijihesabu hana kosa. Dhana zote mbili ni batili.

Faini ni haki ya dola kwa kuvunjwa sheria yake. Haki ya aliyegongwa iko mbali nayo, wala haimo katika stakabadhi ile. Huenda mtu akaandikiwa kwa leseni iliyokwisha muda, ilhali aliyehama njia na kumgonga ni mwingine.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 8 huko Brunei mwaka 1993, lilikata kauli kuwa dereva hubeba dhamana ya madhara aliyowasababishia wengine, ila kwa mambo matatu: nguvu asiyoweza kuizuia, kitendo cha mdhurika mwenyewe chenye athari kubwa, au kosa la mtu wa tatu, ambaye ndiye atakayedhamini. Wakishirikiana katika kosa, kila mmoja na fungu lake. (Kumbe hata ule usemi wa vijiweni, kuwa anayegonga kwa nyuma ndiye mkosa daima, una mipaka yake.)

Palipotokea kifo, jambo ni zito zaidi. Diya warithi waweza kuisamehe. Ama kafara ya aliyeua kwa khatai, nayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo, hakuna mrithi wa kuisamehe wala bima ya kuilipa. Tunawauliza madereva tunaoswali nao: ni wangapi ambao kesi zao zilikwisha mahakamani, na funga hiyo hawajaianza?