Dawa ya Sukari na Mshahara wa Siku



Mwenzetu mmoja wa Kawangware amekatwa mshahara wa siku mbili. Hakulewa wala hakugombana na msimamizi. Alikwenda kliniki kudungwa sindano ya insulini, akakuta foleni, akafika kazini saa nne. Tulipomwuliza kwa nini hajidungi mwenyewe nyumbani alfajiri, alijibu kuwa ameambiwa asiye na friji hapewi chupa ya kwenda nayo. Nasi twajua katika vyumba vya mabati vya Kawangware na Kibera ni wangapi wenye friji, na hao wenye nayo stima huwapotea mara ngapi.

Jambo hili tumelifikiri sana katika kamati, maana hatutaki kusema ovyo juu ya dawa. Kwamba joto huharibu dawa ni kweli. Mwaka 1889 mtaalamu Mswidi, Svante Arrhenius, alieleza jinsi joto linavyoharakisha mageuzi ya vitu, na kwa makadirio ya jumla watu husema kwamba joto likizidi digrii 10, uharibifu huenda upesi mara mbili au mara tatu. Lakini tuulize: mara mbili ya nini? Dawa inayopungua kidogo sana kwa mwezi, hata ikipungua mara mbili ya hapo, bado ni kidogo. Kila dawa ina mwendo wake.

Tazameni dawa ya watoto ya amoksilini. Ikiwa bado unga mkavu ndani ya chupa iliyofungwa, hukaa muda mrefu. Ukiitia maji, hayo maji yenyewe huanza kuivunja, na ndiyo sababu karatasi yake husema itumike kwa siku 7 au 14 tu, kisha imwagwe. Wako wazazi wanaoweka nusu chupa dirishani mpaka mtoto augue tena. Hapo twasema bila kuficha: hiyo si dawa tena ya kutegemea, na kosa hilo ni letu wenyewe, si la tajiri.

Insulini ni habari nyingine. Chupa isiyofunguliwa yataka baridi ya digrii 2 hadi 8, hilo hatubishani nalo. Hoja yetu ni ile chupa moja iliyokwisha kufunguliwa. Katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, nchini mwetu hapa hapa, wagonjwa wakimbizi walikuwa wakienda hospitali kila siku kudungwa kwa kuwa hawakuwa na friji. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto la nyumbani, wakaona lapanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo wiki nne, wakailinganisha na ile iliyokaa kwenye baridi. Tofauti ya nguvu haikupita sehemu 1 katika 100. Habari hiyo ilitangazwa Februari 2021.

Atakuja mtu kusema Nairobi si Dadaab. Ni kweli, Nairobi ina baridi zaidi! Hata hivyo hatutadanganyana. Kituo cha hali ya hewa kiko Dagoretti Corner, kati ya Kawangware na Kibera, na vipimo vya mwaka 2015 na 2016 vilionyesha kwamba Kibera, Mathare na Mukuru zilikuwa na joto zaidi kuliko kituo hicho kwa digrii kadhaa. Basi chupa isiwekwe juu karibu na bati wala karibu na jiko. Ikae chini kivulini, au ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kikubwa chenye mchanga wa maji, kwa maana maji yakikauka huondoka na joto. Isiguse barafu hata kidogo, kwa kuwa insulini iliyoganda ni ya kutupa. Wiki nne zikiisha, chupa nyingine.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu. Mtu wa sindano ya kila asubuhi atazimaliza kabla ya mwezi kwisha, na mwaka bado mrefu.

Kwa hiyo kamati yaandika barua mbili. Ya kwanza kwa kliniki zinazotibu wanachama: mgonjwa afundishwe kujidunga, apewe chupa moja ya kutumia, na akiba yake ibaki kwenye friji ya kliniki. Ya pili kwa waajiri: pawe na kabati lenye kufuli, mahali pasipopigwa na jua, na dakika kumi za kujidunga zisizokatwa mshahara. Mwanachama mwenye ugonjwa huu, wa Kibera au wa Kawangware, amwone mwakilishi wake kabla ya barua kuondoka, aseme hupoteza saa ngapi kwa wiki. Jina lake halitaandikwa.