Samaki wa bahari moja si lazima wakae tangi moja

Mtoto aliyetazama filamu ya Finding Nemo, iliyotoka mwaka 2003, huingia duka la samaki wa mapambo na orodha yake kichwani: Nemo kwanza, halafu Dory. Mzazi naye, aliyepanga tangi la maji ya chumvi lenye sura ya miamba ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji, huenda akadhani wote wawili wanatoka huko. Nemo, kwa jina la kisayansi Amphiprion ocellaris, ni wa mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, huko Indonesia na kaskazini mwa Australia. Dory, Paracanthurus hepatus, anapatikana kweli Afrika Mashariki, na yeye ndiye asiyefaa sebuleni.

Dory yule mdogo wa dukani hukua hadi karibu sentimita 30, na ni samaki wa kuogelea kutwa nzima. Tangi la lita 300, ambalo familia nyingi zingeliona kubwa mno, kwake ni kama mtu mzima kufungiwa bafuni. Ni wa jamii ya kangaja, na kama kangaja wengine ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia. Mkono wa mtoto unaojaribu kumshika unaweza kuchanika.

Kuchagua samaki wa eneo moja la bahari ni wazo zuri. Tangi hupendeza, na mtoto hujifunza kilichopo chini ya maji anayoogelea likizo. Kosa ni kudhani kwamba waliozaliwa mwamba mmoja wanapatana. Baharini samaki akifukuzwa huhamia jiwe la pili. Kwenye kioo cha sentimita 120 hana pa kwenda. Hufukuzwa asubuhi, mchana na jioni, huacha kula, huugua, na siku moja mtoto anamkuta chini amelala ubavu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mzazi aulize samaki huyo anakuwa mkubwa kiasi gani akikomaa, anakula nini, na anawatendea vipi wenzake. Swali la nne wauzaji hawaulizwi mara nyingi: je, anaweza kumdhuru mtu? Inafaa kuuliza kwa jina la kisayansi, maana majina ya dukani hubadilika kila duka.

Badala ya Nemo, pwani hii ina ndugu zake wawili. Amphiprion akallopisos ana rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mweupe mgongoni; Amphiprion allardi ana mwili mweusi, mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Wa kwanza ni mpole zaidi. Wachukuliwe wawili wadogo wa aina moja tu, kwa sababu aina hizi mbili zikichanganywa zitapigana. Kati ya hao wawili, mkubwa atakuwa jike. Akifa, dume aliyebaki hugeuka jike. (Waliotunga filamu walilipita hilo kimyakimya, maana baba yake Nemo angekuwa mama.)

Mwenzao mzuri ni Nemateleotris magnifica, samaki mwembamba mwenye mkia mwekundu kama moto na uzi mrefu mgongoni. Hamsumbui mtu, lakini akishtuka huruka, na tangi lisilofunikwa kwa wavu litampoteza sakafuni. Pseudanthias squamipinnis, wale wa rangi ya chungwa wanaoelea kwa makundi juu ya matumbawe, ni wazuri mno, ila wanahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku. Nyumba ambayo watu wote hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku iwaache tu. Wa mwisho kuingia awe Centropyge acanthops, mdogo wa rangi ya buluu na chungwa, ambaye ana ubabe kidogo na wakati mwingine hudonoa matumbawe. Akiingizwa wa kwanza atajiona mwenye nyumba.

Wa kuachwa ni wengi. Kikande hung'ata kila kitu, pamoja na kidole. Chewa, hata akiwa mdogo na mwenye madoa ya kuvutia, ni mlaji wa wenzake. Bunju ana sumu mwilini na hula wadudu wa tangini wanaosaidia usafi.

Samaki simba, Pterois miles, anahitaji maelezo zaidi kwa sababu uzuri wake huwashinda wazazi wengi. Miiba yake ya mgongoni, tumboni na karibu na mkia ina sumu. Nyumba yenye mtoto anayeweza kupanda kiti na kuingiza mkono majini haifai kumfuga. Mtu akichomwa, sehemu iliyoumia ilowekwe kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, wakati safari ya hospitali inapangwa. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mtoto mwenye maumivu makali anaweza kuungua bila kusema.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, si samaki. Ni viumbe laini vya rangi kali vinavyofanana na vifungo vya shati, viitwavyo zoanthidi, hasa wa jamii ya Palythoa, ambao huja wamebandika kwenye mawe. Baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali za baharini. Mwaka 2015 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa kuhusu watu wa Alaska walioshukiwa kuivuta kwa pumzi majumbani na dukani. Jiwe lenye viumbe hivyo lisichemshwe, lisisuguliwe kwa brashi, wala lisimwagiwe maji ya moto. Mvuke wake unaweza kuleta kikohozi, kupumua kwa shida, homa, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Sumu hii haina dawa maalumu ya kuipoza. Hospitali hutibu dalili. Familia yenye watoto inaweza kuishi vizuri kabisa bila zoanthidi.

Kuna pia bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mchubuko mkono ukiwa majini. Uvimbe mdogo usiopona hutokea wiki kadhaa baadaye, na matibabu huchukua miezi. Daktari hatalifikiria tangi asipoambiwa. Glavu ndefu na sabuni baada ya kazi hupunguza hatari hiyo.

Mawe na matumbawe yasiokotwe Mbudya au Bongoyo siku ya matembezi. Hizo ni hifadhi za bahari. Samaki nao wanunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali anayeweza kusema walivuliwa wapi, na waonekane wakila hapo hapo dukani.

Kabla ya samaki wa kwanza, tangi likae na maji, mawe na kichujio likitembea kwa wiki nne hadi sita, mpaka vipimo vya amonia na naitraiti visome sifuri. Umeme ukikatika, samaki hukosa hewa kabla ya kukosa chakula, hivyo pampu ndogo ya betri inunuliwe mapema. Mtoto asiyejua kusubiri anaweza kupewa kazi ya kuandika vipimo hivyo kwenye kalenda ya jikoni kila Jumamosi.