Mafuta na Mguu wa Dereva

Mwaka 1997 kampuni ya Toyota ilianza kuuza huko Japani gari liitwalo Prius, lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Dereva apunguzapo mwendo taratibu, mota hugeuza nguvu ya mwendo kuwa umeme, ukawekwa akiba katika betri. Akifunga breki kwa ghafula, nguvu nyingi hupotea kuwa joto tu.

Magari yetu mengi hayana akiba hiyo. Hapa Katoyi, juu ya mawe ya Nyiragongo, twaona madereva wakikimbia hatua chache, kisha wakifunga breki mbele ya shimo. Hayo ni mafuta yaliyolipiwa na kuteketezwa bure. Dereva mwenye busara huliona shimo kwa mbali, akaondoa mguu mapema. Alichookoa njiani hula na wanawe.