Kama Shosh Hasikiki, Hiyo Seva Haijafanya Kazi

Wasee, leo hakuna video. Leo naandika, kwa sababu hii stori nikiisema mbele ya kamera nitaanza kujichekesha ili mnisamehe haraka. Na hii sitaki nisamehewe haraka.

Mnajua nilitoka chuo mwaka wa pili. Mnajua pia napenda kujisifu hapa, ati mambo ya kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa video za bure na kwa kuharibu vitu vya watu. Sawa. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kufunga seva ya mikutano ya sauti. Nikaifunga. Nikaijaribu. Nikasema iko sawa. Na kwa sababu ya hilo neno langu "iko sawa", wazee wanne walinyang'anywa kura zao, na hakuna mtu aliyejua.

Ngoja nianze mwanzo.

Mtaani kwetu kuna chama cha kusaidiana. Si kile cha kununua ploti, ni kile cha matanga, hospitali, na mtoto akiitwa shule ya upili na nyumbani hakuna kitu. Kilianzishwa na wazazi wetu wakiwa vijana Nairobi. Sasa baadhi yao wamestaafu, wamerudi ushago, lakini bado wanachanga kila mwezi. Shida ni mikutano. Mikutano ilihamia simu za video, na ukiwa na kabambe, huko huingii. Unapigiwa baadaye unaambiwa, "Tuliamua hivi." Basi.

Mwenyekiti akaniita. "Si wewe ni wa kompyuta? Tutafutie njia wazee waingie na simu zao hizo hizo."

Na njia ipo, tena ya kitambo. Kuna programu ya bure inaitwa Asterisk. Jamaa anaitwa Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 huko Marekani, kwa sababu alikuwa na kampuni ndogo na hakuwa na pesa ya kununua mtambo wa simu wa ofisini. Akaamua kutengeneza wake ndani ya kompyuta. Unaiweka kwa kompyuta kuukuu, unalipia laini ya simu inayopita kwa intaneti, na hiyo kompyuta inakuwa chumba. Mtu anapiga nambari ya kawaida, seva inapokea, inachanganya sauti za wote, kila mmoja anasikia wenzake. Hakuna bando. Hakuna kupakua kitu. Kabambe ya kitochi inatosha.

Nilipoelewa hiyo, manze, nilijiona mkombozi.

Jumamosi tukafunga, sebuleni kwa mwenyekiti. Tulikuwa watu wanane. Kila mtu akaweka programu kwa simu yake, akaingia kwa Wi-Fi ya hapo, na tukaanza ile ibada ya Wakenya wote: "Hallo, hallo, mnaniskia?" "Tunakuskia!" Makofi. Halafu nikajifanya fundi makini. Nikatoa simu yangu, nikazima Wi-Fi, nikapiga ile nambari kama vile mzee wa ushago angepiga. Ikaita, ikapokelewa, nikasikia wenzangu. Nikasema, "Hallo, mnaniskia?" Wote wakasema ndiyo.

Bila shaka walinisikia. Nilikuwa nimeketi nao sofa moja.

Soma hiyo tena polepole, kwa sababu mimi ilinichukua wiki mbili kuielewa. Walisikia mdomo wangu. Seva haikuwa imewapa chochote.

Jumapili iliyofuata mkutano wa kwanza ukafanyika. Mashine ikahesabu watu 13: tisa kwa programu, wanne kwa laini ya simu. Mwenyekiti akafurahi, akasema leo hata ushago wako ndani. Ajenda ilikuwa moja na ilikuwa nzito. Mchango upande kutoka shilingi 200 hadi 500 kwa mwezi, na atakayekosa miezi miwili atolewe kwa orodha. Wakaongea, wakaongea. Mwishowe mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"

Kimya.

"Mara ya pili, kuna mwenye pingamizi?"

Kimya.

"Basi tumepitisha." Makofi.

Siku kadhaa baadaye simu yangu ikaita. Ni mama mmoja tunamwita Shosh, anaishi Murang'a, alikuwa jirani yetu nikiwa mdogo, na amenibeba mgongoni. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Akasema, "Mjukuu wangu, nilisema hapana mara tatu. Nilisema mia tano siwezi, na wenzangu huku hawawezi. Halafu nikasikia mkipiga makofi. Ni sawa. Nilitaka tu kujua kama mlinisikia."

Nikamwambia, "Shosh, hatukukusikia." Na nikamsikia akinyamaza, akijaribu kuamua kama ninamdanganya.

Sasa kilichotokea ni hiki, na nitaeleza kwa lugha ya mtaa. Simu inayopita kwa intaneti ina sehemu mbili. Kuna mazungumzo ya kupanga, yaani "nani anapiga, apokelewe wapi", na kuna sauti yenyewe, ambayo husafiri peke yake kwa njia nyingine. Seva ikipokea simu, humwambia mwenye laini: sauti ya huyu mpigaji nitumie kwa anwani hii. Seva yangu ilikuwa inatoa anwani ya ndani ya nyumba, ile inayoanza na 192.168, ambayo ruta humpa kila mtu wa hapo. Ni kama kumwambia mtu wa mizigo alete sofa "chumba cha pili kushoto" bila kumwambia mtaa. Sauti zetu zilitoka vizuri zikamfikia Shosh. Sauti ya Shosh ilitumwa mahali pasipofikika.

Mafundi wa simu za intaneti wanaijua hii shida kama alfabeti. Sauti ya upande mmoja. Dawa yake ni mistari michache: unaiambia seva anwani yake ya nje, na unafungulia sauti njia kwa ruta. Kwa Asterisk njia hizo kwa kawaida ni milango ya 10000 hadi 20000. Sisi ilibidi pia tulipie anwani ya kudumu. Jioni moja, kazi kwisha.

Kwa hivyo hitilafu ilikuwa ndogo. Sasa angalia mahali ilipojificha. Haikuonekana kwa mtu yeyote aliyekuwa sebuleni, na wasingeiona hata wangejaribu mwaka mzima, kwa sababu ndani ya nyumba ile anwani ya ndani inafanya kazi vizuri kabisa. Ilimgonga tu aliye nje. Na aliye nje hakuwa na njia ya kusema imemgonga, kwa sababu kitu chenyewe kilichoharibika ni sauti yake.

Hapo ndipo nina maoni, na najua kuna watu hayatawapendeza.

Sisi vijana tunaofunga vitu tunajaribu ili tuonekane tumemaliza. Tunajaribu na simu yetu nzuri, mahali penye network nzuri, na watu wanaotupenda, halafu tunangoja makofi. Mimi nilijifunza hiyo tabia kabla hata ya kuacha masomo, kwenye kazi za vikundi: kitu kinatakiwa kufanya kazi dakika kumi, siku ya kuonyesha. Baada ya hapo kife tu. Lakini seva ya sauti haina siku ya kuonyesha. Ina siku ambayo mtu anataka kusema hapana.

Kuna jamaa aliniambia, "Bro, ni wazee wanne, unajisumbua. Tisa walikuwa wanakubali, hata wangesikika wangeshindwa." Kwanza, hujui. Watu husikiliza, watu hubadilika, hasa Shosh akianza kueleza mambo ya maziwa na bei ya chakula cha ng'ombe. Pili, kushindwa baada ya kusikika na kushindwa bila kusikika si kitu kimoja. Mmoja anarudi mwezi ujao kujaribu tena. Mwingine anaamua hawa watu walinipuuza, na anaondoka.

Mwingine akasema, "Si mngewanunulia tu simu janja?" Sawa, nunua. Halafu nunua bando kila mwezi, na umfundishe mtu wa miaka 74 mwenye macho mabovu kubonyeza kitufe kidogo cha kijani. Hebu kumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa. Wangapi wenu mliambiwa masomo yako kwa intaneti na nyumbani simu ilikuwa moja, ya mzazi, na ameenda nayo kazini? Ulijua hesabu, ulijua kusoma. Mtu tu alipanga darasa bila kuuliza una nini mkononi. Usisahau haraka hivyo ulivyojisikia.

Sasa hivi nikifunga kitu cha sauti, sisemi "iko sawa" mpaka nipitie haya. Chukua, ni bure.

Moja, anayejaribu laini awe mbali. Si chumba kingine, mtaa mwingine. Na umpe kitu cha kusema ambacho hukijui, kwa mfano nambari nne anazochagua mwenyewe, na mtu wa upande huu aziandike. Zikilingana, amesikika. "Mnaniskia?" haitoshi, kwa sababu watu hujibu ndiyo kwa mazoea.

Mbili, jaribu na kabambe, si simu yako. Na kama kuna namba ya siri ya kuingilia, mpe mzee aibonyeze mwenyewe. Mara nyingine seva husikia 4 kama 44, au haisikii kabisa, kwa sababu mlio wa kitufe umesafirishwa kwa njia ambayo seva haikuitarajia. Sisi namba ya siri tulikuwa tumeitoa ili kurahisisha. Tungeiacha, wale wanne wangekwama mlangoni na tungejua siku hiyo hiyo.

Tatu, jaza chumba. Laini inakuja na idadi ya simu inazobeba kwa wakati mmoja. Zile laini za ofisi za zamani zinazoitwa E1 zina nafasi 32, na 30 ndizo za sauti. Yetu sisi ilibeba sita. Wa saba anapata mlio wa "mteja ana simu nyingine", na atadhani mmemfungia. Piga saba kwa makusudi, ujue.

Nne, hesabu kredo. Anayepiga analipa. Mwenyekiti akichelewa dakika kumi, Shosh anasikiliza muziki kwa pesa yake. Kwetu sasa ni sheria, mwenye mkutano anaingia kwanza.

Tano, zima stima. Kweli, chomoa. Uone kama seva inaamka yenyewe ikirudi au inangoja uje uibonyeze.

Sita, angalia wezi. Ukiacha mlango wa 5060 wazi kwa dunia nzima, roboti zitakuja kugonga zikitafuta namna ya kupiga simu za nje kwa bili yako. Zuia simu za nje kabisa kama huzihitaji.

Na saba, ambayo haihusu kompyuta: mwenyekiti asichukue kimya kama ndiyo. Sasa anaita majina, mmoja mmoja, na kila mtu anajibu kwa mdomo wake. Inachukua dakika nne zaidi. Wacha zichukue.

Nilienda kwa mwenyekiti nikamwambia kosa ni langu na ile kura haikuwa kura. Mwanzo alikataa. "Mambo yalishapita, kijana, usirudishe watu nyuma." Nikamwambia basi nitalisema mwenyewe kwa grupu. Akaniangalia, akakubali.

Tukarudia Jumapili mbili zilizopita. Shosh aliongea dakika tano, na sauti yake ilikuwa na upepo na kuku nyuma yake, na hakuna aliyemkatiza. Mchango ulipanda, ila hadi 300. Kile kipengele cha kumtoa mtu baada ya miezi miwili kilianguka.

Lakini walikuwa wazee wanne, na kwa laini waliingia watatu. Wa nne, mzee mmoja aliyekuwa kwa chama tangu siku ya kwanza, alikuwa ameshatuma ujumbe mfupi kwamba amejitoa, na simu yangu hapokei. Nimempigia mara tano. Wikendi hii napanda matatu niende kwake, nimweleze uso kwa uso hii habari ya anwani ya ndani na anwani ya nje. Sijui kama ataona ni sababu au ni kisingizio.

Kama kuna kitu umefunga na ukasema iko sawa, toka kwa hiyo sofa. Nenda mbali. Piga simu.

Na kama wewe ndiye uliwahi kuongea kwa mkutano na ukapigiwa makofi ya kitu ulichokataa, niandikie hapo chini. Nitasoma zote.