Vyuo vya utabibu visijengwe kwa ajili ya chaki pekee

Kila pembe ya nchi sasa inadai chuo cha utabibu. KMTC, iliyoanza mwaka 1927, ina matawi zaidi ya 70, na baadhi ya majengo yake yamegharimiwa na hazina ya maeneobunge. Hilo si baya. La kusikitisha ni kwamba ramani nyingi bado huchorwa kana kwamba mwanafunzi atafunzwa kwa chaki peke yake.

Ukuta ukishapigwa lipu bila mapito ya nyaya, hauna budi kutobolewa baadaye, na mlipa kodi atagharimia kazi moja mara mbili. Kompyuta na sanamu za kujifunzia uzalishaji nazo huharibika upesi kwa joto na vumbi. Zikifungiwa stoo, muuguzi atajifunza kwa mara ya kwanza juu ya mwili wa mgonjwa.

Wanaosema ujenzi wa aina hiyo ni anasa na wazuru Turkana. Kando ya ziwa, mwaka 2021, kilikamilika chuo cha teknolojia kilichosanifiwa na Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso. Minara yake, iliyoiga vichuguu vya mchwa, hutoa hewa moto juu, huku ile baridi ikiingia kupitia matundu ya chini. Mawe ni ya huko huko.

Basi kabla ya fedha kutolewa, kamati ionyeshwe nyaya zitapita wapi na joto litatokea wapi. Nao walimu waitwe ramani ingali mezani, si siku ya kukata utepe.